Kibati cha Mashine ya Kumenya Ndizi

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, umeme umeshafika Bukoba lakini kila ukikatika unasahau njia ya kurudi, palikuwa na karakana pale Rwamishenye iliyokuwa inatengeneza mashine ambazo hazipo dukani. Narudia: hazipo dukani. Ukitaka mashine ya kusaga mahindi, nenda dukani kama watu wengine. Lakini kama una shida ambayo dunia haijawahi kuiona, ilikuwa unaibeba unaenda kuimwaga pale mezani, na wao wanaitengenezea mashine yake peke yake.

Mnacheka? Walimtengenezea bwana mmoja wa Kashai mashine ya kunyonyoa senene mabawa. Siku ya kwanza kuwashwa, ilinyonyoa kwa kasi hata senene waliokuwa bado angani wakaanza kudondoka uchi. Nilikuwepo. Mmoja alidondokea kwenye chai yangu, na alikuwa ameshakaangwa.

Haya, tuendelee. Mwenye karakana alikuwa Mzee Rwechungura, mtu wa kitambi cha heshima na desturi moja. Mashine haitoki getini kwake bila kibati cha shaba. Kibati chenyewe kidogo kama biskuti, zinaingia herufi kumi basi, na kinagongwa jina moja la mtu mmoja: yule aliyeizaa mashine. Na jina hilo siyo pambo. Mwenye jina ndiye anakuwa mkuu wa mashine hiyo na ukoo wake wote utakaotengenezwa baadaye. Anachosema ndicho kinafanyika. Ikifanya vizuri, anasifiwa yeye. Ikigoma, anaitwa yeye, hata kama yuko msibani.

Siku moja akaingia Ma Adelina wa Kibeta, mpishi wa sherehe. Huyu mama akipika harusi, moshi wake unaonekana Kisumu na watu wa kule wanaanza kuvaa suti. Akasema kwa heshima ya Kihaya, "Mzee Rwechungura, waitu, ndizi zinaniua. Wageni elfu mbili, mikungu mia moja, wanawake kumi na wawili wanamenya toka Alhamisi mpaka mikono inakuwa myeusi kama sufuria. Nitengenezee mashine ya kumenya ndizi mbichi."

Kila fundi akakumbuka ana kazi nyingine. Maana ndizi, jamani, ni kitu kisicho na adabu. Chungwa ni duara, unalijua. Muhogo umenyooka, angalau unajitahidi. Ndizi imepinda, na hakuna ndizi mbili zilizokubaliana kupinda sawa. Halafu ndizi zetu siyo hizo kama vidole vya mtoto mnazokula nyie. Kwetu ndizi moja inabebwa na watu wawili, na ikifika kona wa nyuma anapiga kelele, "Rudisha kidogo, kichwa hakijapita!"

Kazi akapewa Muganyizi, injinia wa kuchora. Alikuwa amesoma Dar es Salaam mpaka vitabu vikaomba likizo. Lakini toka ameajiriwa pale, miaka miwili, alikuwa anachora mageti na grili za madirisha tu. Mzee akamwambia waziwazi, "Kijana, hii ndiyo nafasi yako. Jina lako likikaa kwenye kibati, utakuwa mkuu wa mashine. Lisipokaa, unarudi kwenye grili, na utazichora mpaka ustaafu."

Muganyizi akachukua daftari, akaenda jikoni kwa Ma Adelina. Hakwenda kuangalia ndizi. Alikwenda kuangalia mikono ya Kokugonza.

Kokugonza alikuwa mkuu wa wamenyaji wote kumi na wawili. Mjane, watoto wanne, kisu kimoja. Huyo mama alikuwa anamenya ndizi huku anasimulia, huku anamkemea mtoto, huku anakupa bei ya nyanya, na ganda linatoka refu bila kukatika, ukilishika upande huu mwenzako akashika ule mnaanikia nguo za mtaa mzima. Muganyizi akakaa mbele yake siku sita. Anatazama mikono, anaandika. Anatazama, anachora. Siku ya tatu wanawake wakaanza kukonyezana. Siku ya tano shangazi yake Kokugonza akaja amevaa gauni la kanisani, akamuuliza Muganyizi, "Baba, kwenu mnaleta lini wazee?"

"Wazee wa nini, Ma?"

"Mtu hatazami mikono ya mwanamke siku tano bure."

Basi, mchoro ukaisha. Kurasa sitini na moja! Ndizi inalazwa kwenye mfereji wa bati, mnyororo wa baiskeli unaisukuma, na kisu kimeshikwa na mkono wa chuma kinapita juu yake na kuvua ganda. Ule mkono wa chuma umeshikiliwa na pini inayopita kwenye tundu. Shikeni hapo kwenye tundu, msije mkaniuliza tena.

Mchoro ukapelekwa kwa Ta Byabato. Ta ni heshima, kwetu mtu mzima haitwi jina kavu kama mbuzi. Ta Byabato alikuwa fundi wa kutoboa na kuchomelea, miaka thelathini na moja pale pale. Alikuwa anachomelea bila miwani, jua likimwona linavaa lenyewe. Na vibati vyote vilivyowahi kutoka pale, yeye ndiye aliyegonga majina. Majina ya wenzake. Lake hajawahi kuligonga hata mara moja.

Sasa, kuna jambo. Injinia wa chuoni anapochora, anaandika namba tu. Haandiki ni milimita, kwa sababu kule kwao kila kitu ni milimita, hata urefu wa mama mkwe. Lakini fundi wa karakana anapima kwa inchi na suti. Inchi moja ina suti nane. Ndivyo alivyofundishwa, na upande wa milimita kwenye tepu yake ulishaliwa na cheche siku nyingi. Kwa kawaida Muganyizi alikuwa anapita kwa mkono kila ukurasa, anaandika suti pembeni. Ukurasa wa arobaini na nne, ule wa tundu, akausahau.

Kwenye tundu aliandika: nane.

Milimita nane, yaani unene wa penseli. Ta Byabato akatoboa suti nane. Inchi nzima. Tundu ambalo kidole gumba kinaingia na kuaga.

Siku ya majaribio karakana ikajaa. Ma Adelina akaja na Canter kabisa ya kubebea mashine, maana kesho yake ni harusi. Wapishi wenzake wa sherehe wakaja kuona kama ataaibika. Na wamenyaji wakaja, Kokugonza mbele na baiskeli yake. Wao walishaambiwa: mashine ikifanya kazi, kuanzia Jumatatu hakuna kumenya kwa mkono.

Pini ikaingizwa kwenye tundu. Mkono wa chuma ukaning'inia, ukayumba huku na huku kama ulimi wa mbwa aliyetoka kukimbizwa. Watu wakacheka mpaka bati la paa likapanda.

"Ta Byabato!" Muganyizi akapiga kelele. "Tundu gani hili? Nimeandika nane!"

"Na hiyo ni nane, ipime."

"Nane ya milimita!"

"Milimita iko wapi? Umeandika nane. Mimi nisome mchoro au nisome moyo wako?"

Wakawasha hivyo hivyo. Ndizi ikaingia upande huu, kisu kikaigusagusa kama kinaogopa kuiamsha, ndizi ikatokea upande wa pili imevaa koti lake lote.

Muganyizi akasema, "Ngojeni. Natengeneza kama nilivyochora." Akachukua kipande cha bomba, akakipachika ndani ya tundu kulibana, mpaka pini ikakaa tii, haichezi hata kidogo. Sasa mashine ikawa vilevile kama ilivyo kwenye karatasi. Wakawasha. Krrrr! Kisu kikapita kimenyooka, ndizi imepinda. Ndizi ikaingia nene kama paja, ikatoka njiti ya kiberiti. Nyama yote imeenda na ganda! Wakaweka nyingine. Krrrr! Njiti. Wakaweka ya tatu. Ya tatu haikutoka kabisa, nadhani iliona wenzake.

Ma Adelina akakaa chini kwenye ndoo. "Wageni wangu wale njiti?"

Muganyizi akawa mweupe kama karatasi zake. Ta Byabato akakichomoa kile kipande cha bomba, akakitupa. Mkono ukarudi kuning'inia. Ndizi ikapita na koti lake.

Hapo Kokugonza akasogea. Angeweza kunyamaza, mnaelewa? Angenyamaza tu, Jumatatu angerudi kwenye kisu chake. Lakini mtu anayejua kazi, akiona kazi inafanywa vibaya, mdomo unawasha.

"Nyie wanaume," akasema, "hamjawahi kumenya ndizi hata moja? Mara mnaikaba shingo, mara mnaiachia kabisa. Ndizi inabembelezwa. Ikiinuka, mkono unainuka nayo. Ikishuka, unashuka nayo. Lakini hauachii."

Akaenda kwenye baiskeli yake, akafungua ule mpira wa tyubu anaofungia mikungu kwenye keria. Akafunga ncha moja kwenye mkono wa chuma, akaivuta, akafunga nyingine kwenye fremu. Akabonyeza kisu kwa kidole: kikapanda. Akaachia: kikarudi. "Washeni."

Wakawasha.

Jamani! Ndizi ikaingia, kisu kikapanda nayo kwenye mgongo, kikashuka nayo kwenye tumbo, ganda likatoka jembamba kama karatasi ya sigara, na ndizi ikadondoka upande wa pili nyeupe, nzima, inang'aa, imeona aibu. Nyingine! Nyingine! Mkungu mzima kabla hujamaliza kupiga chafya. Wamenyaji wenyewe wakapiga vigelegele, halafu wakakumbuka, wakanyamaza. Wapishi waliokuja kucheka wakaanza kusukumana, "Na mimi moja!" "Mimi mbili!" Hapohapo zikaagizwa mashine ishirini.

Mzee Rwechungura akatoa kibati mfukoni. Kitupu, kinang'aa. "Sasa," akasema, "nani ameizaa?"

Watatu wakasema kwa pamoja, "Mimi."

Ta Byabato akanyoosha mkono achukue nyundo kama kawaida yake. Mzee akaiwahi. "Leo hapana, Ta. Anayegombea hashiki nyundo. Semeni."

Muganyizi akaanza. "Mzee, kabla yangu kulikuwa na nini hapa? Hewa. Mimi ndiye niliyekaa siku sita, mpaka shangazi wa watu ananidai barua ya posa. Nani alifikiria mfereji? Mimi. Nani alifikiria mnyororo? Mimi. Nani alijua kisu kipite juu na ndizi ipite chini? Mimi. Hawa wamekuta mashine ya vipande mia tatu, mmoja akaharibu kimoja, mwingine akafunga kimoja. Mtu akikufungia kifungo cha shati, shati ni lake?"

"Shati lako lilikuwa linamnyonga mtu," akasema Ta Byabato. "Mzee, nimevumilia. Miaka thelathini na moja natoboa, nakata, nachomelea. Wao wanachora kwa penseli, na penseli ina kifutio nyuma. Mimi chuma changu kifutio kiko wapi? Mashine kama alivyoichora yeye, mmeiona wote: njiti. Mashine kama nilivyoitoboa mimi, ina nafasi ya kupumua. Tundu langu ndilo linalomenya."

"Tundu lako ni kosa!" Muganyizi akaruka. "Ulikosea!"

"Nani kasema nilikosea?"

"Kwa hiyo ulijua?"

Ta Byabato akakuna kidevu. Akakikuna sana. "Mkono wangu ulijua."

"Mkono wako! Jana hukuniambia pini itaingia kama kidole kwenye pete?"

"Nilisema kidole cha nani? Hata mtoto akivaa pete ya babu yake, hicho ni kidole kwenye pete."

Watu wakacheka, na mpaka leo hakuna anayejua kama yule mzee alikosea au alijua. Mimi nilimtazama usoni karibu kabisa, na uso wake ulikuwa kama mlango wa benki siku ya Jumapili.

Akabaki Kokugonza. Hakupaza sauti. Akainua mikono yake miwili, myeusi kwa utomvu mpaka kwenye viwiko. "Injinia anasema siku sita alikaa anafikiri. Alikuwa anafikiri nini? Alikuwa ananitazama. Ile mashine ni mkono wangu umevishwa chuma. Na alipoupeleka kwenye karatasi, akausahau ule ulaini, nikaja kuurudisha kwa mpira wa baiskeli yangu. Na kuna kingine, Mzee. Nyie wote mtalala vizuri leo. Mimi na wenzangu kumi na mmoja tumekosa kazi kwa sababu nilifungua mdomo. Jina likiwa langu, nitakuwa mkuu wa mashine hizo ishirini, na kwenye kila moja nitamweka mwanamke wangu. Likiwa la mwingine, nimejimenya mwenyewe."

Hapo hakucheka mtu.

"Lakini ni mpira tu," Muganyizi akasema taratibu. "Samahani, Ma Kokugonza. Mpira hata mimi ningeufikiria kesho."

"Kesho ni harusi," akasema Kokugonza. "Na mpira ni wangu, nina mzigo wa kufunga." Akaufungua. Mkono wa chuma ukaning'inia. Ndizi iliyokuwa inapita ikatoka na koti.

Ta Byabato akasema, "Ahaa, kama ni hivyo!" Akaokota kile kipande cha bomba, akakigonga ndani ya tundu, kabababa. "Tundu langu pia naondoka nalo. Mbaki na nane yenu." Ndizi iliyofuata ikatoka njiti.

Muganyizi akakusanya karatasi zake zote, sitini na moja, akazikunja, akazibana kwapani. "Na mimi hizi. Hiyo moja mtaifungafunga hapa. Hizo ishirini mtaziota?"

Ma Adelina akasimama kutoka kwenye ndoo. "Subirini! Na mimi je? Nani alilalamika wa kwanza? Bila ndizi kuniua mimi, mngekuwa na nini?" Wakamtazama mpaka akakaa tena.

Mpishi mmoja wa Hamugembe akatoa ushauri, "Changanyeni. Andikeni Mubyakoku. Herufi tisa, zinaingia!"

Mzee Rwechungura akatikisa kichwa. "Hiyo siyo mashine, hiyo ni dawa ya minyoo. Mkuu ni mmoja. Niliwahi kuweka wawili: mmoja akawa anawasha, mwenzake anazima, mpaka swichi ikaomba kuacha kazi. Hapa mtu mmoja aitwe ikigoma, mtu mmoja aitikie. Nitachagua, na wawili watakaokosa watarudisha vitu vyao, kwa sababu Ma Adelina ana wageni elfu mbili na hajamkosea mtu."

Wakatazamana. Kokugonza akaurudisha mpira, akaufunga pale pale. Ta Byabato akakichomoa kipande cha bomba. Muganyizi akaweka karatasi mezani, akazilainisha kwa kiganja. Mashine ikawashwa, ndizi ikatoka nyeupe. Watatu wakasimama kando, kila mmoja anatazama kipande chake.

Nje dereva wa Canter akapiga honi. Akapiga tena. Mzee Rwechungura akalaza kibati juu ya fuawe, akashika nyundo kwa mkono wa kulia, wa kushoto akauingiza kwenye kopo la herufi za chuma. Akapapasa humo ndani, akapapasa tena. Jasho likamtoka, ungedhani Ziwa Victoria limeamua kuhamia kwenye paji lake. Kuna aliyefikiria mashine ikakataa. Kuna aliyekosea, au hakukosea, ikakubali kupumua. Kuna aliyetoa mkono wake mara mbili na kupoteza kazi mara moja. Mzee akaitoa herufi ya kwanza, akaisimamisha kwenye shaba, akainua nyundo.

Wewe hapo unayetikisa kichwa, na wewe unayejifanya unajua, niambieni: ilistahili iwe M ya Muganyizi, B ya Byabato, au K ya Kokugonza?